Kugeuza Banda la Shamba Kuwa Nyumba: Utaratibu wa England

Vijijini England nyumba ni chache na ghali, na vijana wengi huhamia mijini huku mabanda ya zamani yakibaki matupu. Kamati zenye maghala yasiyotumika zitapenda kujua wenzetu walivyolitatua jambo hili.

Tangu mwaka 2014 mwenye banda halazimiki kuomba kibali kamili. Anapeleka maombi mafupi halmashauri, nayo ina siku 56 za kukagua mambo machache kama barabara, kelele, mafuriko na mwanga wa madirishani. Mei 2024 kanuni zililegezwa: shamba moja laweza kupata nyumba 10 badala ya 5, kila moja isizidi mita za mraba 150. Banda liwe lilikuwa la shamba kufikia tarehe 24 Julai 2023. Lililoingia baadaye lisubiri miaka 10. (Wajanja wapo kila nchi.) Ndani ya hifadhi za taifa utaratibu huu hautumiki.

Wengi hukwama kwenye neno “kugeuza”. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kesi ya banda la fremu ya chuma huko Rushcliffe, lililokuwa wazi pande tatu. Kuta karibu zote zingejengwa upya, na mahakama ikaona hiyo ni nyumba mpya, si banda lililogeuzwa. Kuweka milango, madirisha, paa, maji na umeme kunaruhusiwa, mradi jengo lenyewe liwe imara. Ndiyo maana sisi tungemlipa mhandisi akague nguzo kwanza, kabla ya mchora ramani.