Programu yako ya ankara ni ya zamani na A4 inakata maandishi? Usiitupe, fanya hivi

Wengi wetu tunauza mtandaoni lakini ankara bado tunatoa kwenye programu ya kitambo, kwa sababu humo ndimo yalimo majina ya wateja, bei na madeni ya miaka yote. Mimi nauza vipuri vya cherehani, na programu yangu ni ya aina hiyo. Siiachi, maana inafanya kazi. Shida yake ni moja tu: kuprinti.

Chanzo ni karatasi. Programu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa karatasi ya Marekani inayoitwa Letter, mm 216 kwa 279. A4 yetu ni mm 210 kwa 297. Yaani A4 ni nyembamba kwa mm 6, na upande wa kulia ndiko inakokaa safu ya pesa. Unakuta 125,000 imetoka 125,0. Mzigo uko kwenye basi kwenda Mbeya, mteja anamalizia malipo kwa kusoma karatasi hiyo. Hapo ugomvi hauko mbali.

Nyingine ni za zamani zaidi, enzi za printa za kugonga utepe, zile za karatasi ndefu yenye vitobo pembeni. Zinahesabu mistari 66 kwa ukurasa: inchi 11, mistari 6 kila inchi. Printa nyingi za leza, zikiachwa zilivyo, zinaweka mistari 64 kwenye A4. Miwili ya mwisho inarukia karatasi ya pili. Na mara nyingi hiyo miwili ndiyo JUMLA na namba ya kulipia!

Mambo ya kufanya, kwa mpangilio huu:

1️⃣ Anza na printa. Kwenye Windows nenda kwenye mipangilio ya printa yako, chagua "Printing preferences", weka A4. Ikiwa printa huwa inawasha taa na kugoma huku karatasi zimejaa, mara nyingi inasubiri Letter, na hapa ndipo inapopona.

2️⃣ Ingia kwenye programu yenyewe, tafuta "Page Setup" au "Printer Setup". Weka A4 hapo pia. Printa ikisema A4 na programu ikasema Letter, bado hamjaelewana.

3️⃣ Kama programu inauliza idadi ya mistari kwa ukurasa, toa 66 weka 64. Ikibaki nafasi kubwa chini, ongeza mmoja mmoja.

4️⃣ Programu haina A4 kabisa? Pitia PDF. Windows 10 na 11 zina printa iitwayo "Microsoft Print to PDF". Printia humo, fungua faili, kisha printi kwenye A4 ukichagua "Fit". Ankara itapungua hadi kama asilimia 97, mteja hata hatagundua. Faida nyingine: PDF hiyo hiyo unamtumia WhatsApp.

⚠️ Stika za parseli zenye msimbo wa mistari usiziwekee "Fit". Chagua "Actual size", la sivyo vipimo vinabadilika na stika hazikai kwenye nafasi zake.

Jambo la mwisho, na ndilo la muhimu: usijaribu kwa ankara ya bidhaa moja ya elfu tano. Jaribu kwa ile ndefu kuliko zote, yenye bidhaa nyingi na bei za mamilioni. Ikitoka nzima, kulia namba zimekamilika na chini JUMLA ipo, basi zote zitatoka. Karatasi mbili tatu za majaribio ni rahisi kuliko kubishana na mteja aliye mkoani.

Hifadhi post hii, na mtumie jirani yako wa duka anayetaka kununua printa mpya bila sababu.