Hasira za Kupangiwa

Mzaha wa hasira za Mmeru hauna Mkenya asiyeujua. Wachekeshaji wameula kwa miaka mingi: mguse kidogo tu, panga limeshatoka. Jirani yake Mwembu naye hutiwa muguka mkononi kabla hajapewa jina. Kijana wa Makutano, mjini Meru, ameyasikia haya tangu shule ya msingi, kwa hiyo siku akikutana na Krogan ndani ya gemu la Mass Effect haoni kiumbe mgeni hata kidogo.

Krogan ni majitu ya msururu huo wa gemu za anga za mbali, ulioanzishwa na kampuni ya BioWare ya Kanada mwaka 2007. Sifa yao ni vita. Turian ni askari, Salarian ni wanasayansi wepesi wa akili, Quarian ni wahamaji wanaoshukiwa wizi popote watiapo mguu. Jamii moja, tabia moja. Waandishi wana lawama yao hapa, lakini kuna jambo ambalo wachezaji wengi hawalifikirii: gharama. Mwili wa kila kiumbe huchorwa kwenye kompyuta, ukatiwa mifupa ya kuuendesha, mwendo, mavazi na sauti. Kuurudia mwili huo mara mia ni rahisi kuliko kuunda wa pili. Ndiyo maana mwanamke wa Kiturian hakuonekana ndani ya gemu hizo hadi nyongeza ya Omega, Novemba 2012. Miaka mitano taifa zima la wanaume tupu! Si lazima mtu akae kitako aamue kuwabagua wanawake. Daftari la bajeti linatosha.

Hata hivyo msururu huo unajua kujihoji. Katika gemu la pili, la 2010, mtu mmoja anamshutumu msichana wa Kiquarian kwamba amemwibia kadi ya pesa, na askari amekwisha kuamini. Ukizunguka madukani unagundua kadi ilisahauliwa dukani na mwenyewe. Hakuna anayekuhubiria. Ungeweza kupita zako.

Krogan nao wamepewa historia. Jamii nyingine ziliwatia ugonjwa uliotengenezwa maabara, ikawa katika mimba elfu moja hunusurika moja hivi. Ukishajua hilo, hasira zao zina sababu. Mzaha wetu wa Mmeru haujawahi kuuliza sababu, na sidhani kama una haja nayo.

Wameru wenyewe wana simulizi inayofaa gemu kuliko nyingi za Marekani. Wazee husimulia utumwa wa Mbwaa, kisiwani, chini ya watu walioitwa Nguo Ntune, wenye nguo nyekundu, waliowapa kazi zisizowezekana: tengenezeni kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Kisha kiongozi wao Koomenjwe akawavusha maji usiku. Hapo mafumbo ya kufumbua yapo, safari ipo, na pwani ina watu, tofauti na gemu la Halo 2 la mwaka 2004, linalokupitisha vitani katika mitaa ya Mombasa ya kubuni bila kukukutanisha na mkazi.

Ningelicheza gemu la Mbwaa siku ya kwanza. Ila mbunifu wake naye atakuwa na bajeti, na pesa zikipungua najua watakaopewa mwili mmoja na tabia moja: hao wenye nguo nyekundu.