Uzito, Nguvu na Hesabu: Uchukuzi wa Magari Madogo Kisii na Nyamira

Sehemu kubwa ya uchukuzi mdogo katika kaunti za Kisii na Nyamira huendeshwa kwa Toyota Probox, gari lililoanza kuundwa Japani mwaka 2002 kwa ajili ya kazi za kibiashara, ambalo huingia Kenya likiwa limekwisha kutumika, kwa sharti kwamba umri wake usizidi miaka 8. Gari hilo lina uzito unaozidi tani 1 kidogo tu, na injini yake ya lita 1.5 hutoa takriban nguvufarasi 109, nguvufarasi ikiwa ni kipimo cha kasi ambayo injini hufanyia kazi. Kinachoamua manufaa yake kwenye vilima vya Gusii, yaani eneo la kaunti hizo mbili, ni uwiano wa nguvu na uzito.

Uwiano huohuo ulimwongoza Gordon Murray, mhandisi mzaliwa wa Durban, alipobuni McLaren F1, gari la kasi lililoundwa Uingereza katika miaka ya 1990 na ambalo nakala zake 106 pekee zilitengenezwa. Kwa kutumia nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi na imara, gari hilo lilikuwa na uzito wa kilo 1,138, usiopishana sana na wa Probox, ilhali injini yake ya lita 6.1 ilitoa nguvufarasi 627 na kulifikisha kwenye mwendo wa kilomita 386 kwa saa mwaka 1998. Inafaa kukumbukwa kwamba Murray huyohuyo alibuni pia OX, lori la vijijini lililozinduliwa mwaka 2016, linalosafirishwa likiwa vipande bapa, likaunganishwa na watu 3 kwa takriban saa 12, likabeba kilo 1,900, na ambalo dereva wake huketi katikati kama yule wa F1.

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo, yaani pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya silinda, hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko kwa sababu ya uhaba wa hewa, hivyo nguvufarasi 109 za Probox hubaki zipatazo 90. Gari hilo lilikusudiwa kubeba kilo 400. Hata hivyo, mikungu ya ndizi inayopelekwa soko la Daraja Mbili hufungwa hadi juu ya paa, na abiria hubanana kupita idadi ya viti, huku mafundi wa jua kali wakiimarisha springi za nyuma ili gari lisilale. Springi ngumu huinua bodi, lakini breki hubaki zilezile, na joto linalozalishwa breki zinapolisimamisha gari huongezeka sawia na uzito wote, jambo ambalo ni hatari kubwa kwenye miteremko ya kuingia Kisii kutoka upande wa mji wa Keroka.

Lawama za kupakia kupita kiasi kwa kawaida humwangukia dereva, na hapo anaonewa. Madereva wengi hudaiwa na mwenye gari "hesabu", yaani kiasi maalumu cha fedha kinachokabidhiwa kila jioni bila kujali siku ilivyokwenda. Kilichozidi hesabu na mafuta ndicho pato lake, kwa hiyo kila abiria wa ziada na kila mkungu wa ziada ni ujira wake wa moja kwa moja. Polisi wakiongeza ukaguzi barabarani, mpango huo wa malipo hubaki palepale.

Nchini Rwanda, yenye vilima na mashamba madogo kama ya Gusii, kampuni ya OX Delivers iliyotokana na lori la Murray ilianza kazi mwaka 2021 kwa utaratibu tofauti: mkulima alilipia nafasi ya mzigo wake tu badala ya kukodi gari zima, na dereva alikuwa mwajiriwa wa kampuni, ambaye mshahara wake haukutegemea kuongeza gunia moja juu ya uwezo wa lori.