Pesa Imepita Njia Gani?



Tunajua wote furaha ya ujumbe wa M-Pesa unaoingia kutoka kwa mtoto au ndugu aliye Marekani. Jamaa nyingi za Fizi zina mtu kule. Wengi walikimbia vita ya 1996, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakakaa kambini Nyarugusu, upande wa Kigoma, miaka na miaka, mpaka wakapata nafasi ya kwenda Marekani. Leo wanafanya kazi viwandani na kwenye maghala, na mwisho wa mwezi wanatukumbuka. Sisi tunasema aksanti, tunalipa minervali ya watoto, tunanunua unga na ndagala. Lakini kuna swali moja hatuliulizi: pesa hii imepita njia gani mpaka kufika hapa?

Mimi sikuuliza. Kwa sababu hiyo nilimkosa mdogo wangu karibu mwaka mzima.

Simu ilipokuwa haipokelewi

Ilianza mama yetu alipopaswa kupasuliwa. Hospitali ilitaka dola 300 kabla ya kumwingiza chumbani. Nilimpigia mdogo wangu asubuhi, na kabla ya jua kuzama pesa ilikuwa kwenye simu yangu. Mama akapona. Baadaye nikaomba 300 za minervali. Halafu 300 za mabati, kwa maana upepo uliezua nyumba. Mwishowe 300 nyingine za mtaji, nianze kuwauzia krezeri mchele na mafuta. Mara nne kwa miezi minane, na kila mara hakukawia.

Kisha akanyamaza. Napiga, hapokei. Naandika, hajibu. Nilimwachia sauti ya ukali: "Umekuwa mkubwa, umesahau maji ya ziwa yaliyokulea." Majirani wakaongeza chumvi yao, kwamba watu wakifika kule moyo unageuka. Nikaamini.

Usiku mmoja alipiga yeye mwenyewe, analia. Akasema: "Dada, sikuwasahau. Ninaogopa simu yako kwa sababu sina tena cha kutuma. Zile pesa zote zilikuwa deni."

Kadi inayorudisha senti

Alinieleza polepole, nami nawaeleza kama nilivyoelewa.

Kule kuna kadi za namna mbili zinazofanana kwa sura. Ya kwanza inatoa pesa yako mwenyewe, ile uliyoweka benki. Ya pili ni kadi ya mkopo: ukiipitisha dukani, benki inalipa kwa ajili yako, na wewe unabaki na deni lao. Kadi nyingi za mkopo zina kivutio: ukinunua vitu vya dola 100, wanakurudishia dola 1 au 2. Mdogo wangu alifurahi. Alifikiri, "Nikituma dola 300 nyumbani kwa kadi hii, nitarudishiwa dola 6. Nimesaidia mama na nimepata sabuni."

Haikuwa hivyo. Benki nyingi zinahesabu kutuma pesa kwa kadi ya mkopo kama kuchukua pesa taslimu kwa mkopo, si kama kununua kitu. Na hapo sheria za kadi zinabadilika. Hakuna senti inayorudi. Kuna malipo ya kuchukua, kwake yalikuwa asilimia 5, ndiyo dola 15 kwa kila 300. Na riba, ile tunayoita intere, inaanza siku ileile. Mtu aliyenunua mchele dukani kwa kadi anapewa muda. Akilipa yote kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye bili, hadaiwi riba. Aliyechukua pesa hana muda huo.

Hesabu ndiyo hii. Mara nne 300 ni 1,200. Malipo ya kuchukua, mara nne 15, ni 60. Deni likawa dola 1,260. Riba ya kadi yake ilikuwa asilimia 27 kwa mwaka, ndiyo dola 28 hivi kila mwezi. Yeye alikuwa akilipa dola 40 kwa mwezi, akidhani anapunguza deni. Kumbe 28 zilikuwa zinaliwa na riba, na ni 12 tu zilizogusa deni lenyewe. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tulicheza harusi hapa Misisi, yeye akabaki na matanga peke yake.

Sisemi kadi ile ni mbaya kwa kila mtu. Anayeitumia kununua vitu alivyokuwa atanunua hata hivyo, na kulipa deni lote kila mwezi bila kubakiza, anapata senti zake. Lakini jiulize zile senti zinatoka wapi. Zinatoka kwa wenye maduka, wanaokatwa kidogo kila kadi inapopita, na kwa wale wanaoshindwa kumaliza deni. Mdogo wangu alikuwa anawalipia wengine zawadi.

Kule nako kuna kasanduku

Aliyemtoa ni mama mwenzake wa kazini. Alimpeleka kwenye chama cha akiba na mikopo, ndugu wa zile COOPEC tunazozijua hapa Kongo. Hakina matajiri wanaokimiliki; wenye akiba ndani yake ndio wenyewe, na kila mwanachama ana kura moja, awe ameweka dola 50 au 50,000. Faida inarudi kwa wanachama kwa riba nafuu. Vyama vilivyosajiliwa na serikali kuu ya Marekani vimewekewa mpaka: mikopo yao mingi hairuhusiwi kupita riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Na akiba ya kila mwanachama inalindwa mpaka dola 250,000, hata chama kikianguka.

Wazo hili ni la watu wa hali ya chini kama sisi. Mwaka 1900, katika mji wa Lévis huko Kanada, Alphonse Desjardins na mkewe Dorimène walianzisha chama cha namna hiyo. Amana ya kwanza kabisa ilikuwa senti 10, na ya siku ile yote haikufika dola 27. Bwana alifanya kazi mbali, Ottawa, kwa hiyo miezi mingi aliyeshika vitabu na kuwapokea watu nyumbani kwao ni mama Dorimène, na watoto wakimzunguka. Akina mama wanaoshika daftari la kikundi wamjue mwenzao.

Chama kilimpa mdogo wangu mkopo wa asilimia 12, akaimaliza kadi siku moja. Sasa analipa dola 60 kwa mwezi, na kwa miaka miwili atakuwa huru. Amebakiza miezi tisa.

Ile pesa iliyochelewa

Nako kwenye chama alijifunza kwa shida. Alipotaka kuhamisha akiba yake kutoka benki ya zamani, kwanza walimtumia senti chache mara mbili, ili asome ni ngapi na kuzitaja, kuthibitisha kwamba akaunti ni yake. Ilichukua siku mbili. Halafu akahamisha pesa siku ya Ijumaa, na akaniambia, "Kesho utapata." Jumamosi haikufika. Jumapili haikufika. Jumatatu ilikuwa sikukuu kule. Ilionekana Jumatano, na mimi nilikuwa nimeshakopa kwa mwenye butiki.

Hakunidanganya. Pesa inayotoka benki moja kwenda nyingine kule kwa njia ya kawaida husafiri kwa mafungu, na mafungu hayo hayatembei Jumamosi, Jumapili wala sikukuu. Siku moja mpaka tatu za kazi ni jambo la kawaida. Ikishafika kwenye chama, anatuma kwetu kwa ile kadi ya kwanza, inayotoa pesa yake mwenyewe, na inaingia kwenye simu kwa dakika chache. Kwa hiyo sasa anahamisha Jumatatu, na mimi siahidi mtu yeyote malipo kabla ya Alhamisi.

Kuna jambo lingine jipya. Tangu tarehe 1 Januari 2026, Marekani inatoza ushuru wa asilimia 1 kwa mtu anayekwenda na noti mkononi kwa wakala kutuma pesa nje ya nchi. Kwa dola 300 ni dola 3. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki au ya chama, au kwa kadi ya kule, hatozwi. Mwambie mtoto wako, kama bado anapeleka noti.

Upande wetu wa njia

Pesa ikifika Kongo, njia haijaisha. M-Pesa ilianza hapa kwetu 2012, na wengi tunaitegemea zaidi ya benki. Februari 2025, vita ilipofika Bukavu, benki za huko zilifunga milango, na watu wengi wakabaki na simu tu. Basi tuangalie mambo haya manne.

Kwanza, laini iwe ya jina lako. Kama imeandikishwa kwa jina la bwana, la shemeji au la mtoto, na simu ikaibiwa, wewe hutadai kitu. Majina kwenye laini yafanane na yale ya kadi yako ya uchaguzi, na ndiyo hayohayo umpe anayetuma.

Pili, kabla ya kutoa dola, uliza bei kwa kambiste wawili au watatu. Senti za tofauti ni kibakuli cha unga.

Tatu, namba ya siri usimpe mtu, hata wakala, hata anayepiga akisema pesa imeingia kwako kwa makosa. Kama ni makosa kweli, aende kwenye ofisi ya kampuni ya simu.

Nne, usiogope kufungua akaunti. Zamani Sheria ya Familia ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana kabla ya kufanya mapatano kama hayo. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Akikuambia mtu "leta kwanza bwana yako," mtajie sheria hiyo kwa upole.

Senti zinazorudi kweli

Baada ya simu ile ya usiku nilikwenda kwenye kikundi chetu cha AVEC nikiwa na haya. Sanduku letu mnalijua: kufuli tatu, funguo tatu kwa mama watatu, na hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya wote. Anayekopa analipa riba kidogo. Lakini riba ile haiondoki Misisi. Inakaa sandukuni, na mwisho wa mwaka tunagawana kwa kadiri ya hisa za kila mmoja. Hata aliyeilipa, sehemu inamrudia. Hizo ndizo senti zinazorudi kweli, na hakuna aliyelia gizani ili zipatikane.

Nilikopa sandukuni minervali ya muhula uliofuata. Dawa za mama nikazichukua juu yangu, kutoka kwenye mchele na mafuta. Nikamwandikia mdogo wangu: "Mpaka umalize deni lako, usitume kitu ila kwa ugonjwa mkubwa. Na pesa hiyo iwe yako, si ya kadi. Ile sauti niliyokuachia, uniwie radhi."

Sasa ananipigia Jumapili. Hatuongei pesa tena kila mara. Ananiuliza mama amekula nini, mvua imefika, watoto wamepanda darasa. Nilikuwa nimesahau kwamba simu inaweza kulia kwa ajili hiyo tu.

Wiki hii, wamama, kila mmoja ampigie wake aliye mbali. Kabla ya kusema shida yako, muulize maswali mawili: "Ile pesa ya mwisho ulituma kwa njia gani? Je, imekuachia deni?" Kama jibu ni ndiyo, mleteni neno hilo kwenye mkutano wa kikundi, tuone ni kiasi gani sanduku letu linaweza kubeba ili yeye apumue. Dawa ya deni ni kulipa, na mzigo huu wa jamaa asiachiwe mmoja kuubeba peke yake kwa sababu tu yuko Marekani.

Mkae salama mpaka wiki ijayo.