Uzio Mmoja Hautoshi: Usalama wa Mtandao katika Ofisi Zetu



Mwaka jana mfadhili wetu mmoja alipokea barua pepe yenye jina la mhasibu wetu. Ilimshukuru kwa mchango wa kisima kirefu, kisha ikamwomba atume awamu ya pili kwenye akaunti mpya ya benki. Kwa neema ya Mungu, alitupigia simu kwanza. Hatukuwa na akaunti mpya. Kumbe mtu alikuwa amepata neno la siri la barua pepe ya ofisi, akawa anasoma mawasiliano yetu kimya kimya na kungoja wakati wa fedha.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini bajeti ya mwaka huu ina kifungu cha mtandao ilhali visima bado havitoshi. Swali hilo ni la haki.

Mtandao wa ofisi ni nini?

Ni kompyuta, simu na mashine za kuchapa zilizounganishwa ili zitumie pamoja mafaili na intaneti. Ruta ndiyo lango la kutokea nje. Ofisi ya Bariadi inapowasiliana na vituo vya Maswa, Meatu, Itilima na Busega, taarifa hupita kwenye intaneti, ambayo ni njia ya watu wote. Kwa hiyo husimbwa, yaani hugeuzwa maandishi yasiyosomeka mpaka zimfikie mwenye ufunguo.

Zamani ulinzi ulifanana na boma lenye uzio wa minyaa: mlinzi langoni, na aliyekwisha kuingia alihesabiwa kuwa wa nyumbani. Lakini mwizi akishapita lango, ng'ombe, ndama na ghala vyote ni vyake. Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry iliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta katika nchi zaidi ya 150, ikifunga mafaili na kudai malipo. Hospitali nyingi za Uingereza ziliahirisha matibabu. Marekebisho ya kuizuia yalikuwa yametolewa Machi mwaka huohuo, ila wengi hawakuwa wameyaweka.

Tumefanya nini?

1. Tumegawa boma. Wifi ya wageni katika ukumbi wa semina imetengwa na kompyuta za uhasibu.

2. Kila mtumishi ana neno lake la siri, na huthibitisha tena kwa namba inayofika kwenye simu yake. Hufungua mafaili ya kazi yake tu.

3. Programu zinasasishwa, na kila Ijumaa tunaweka nakala za mafaili kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa kabatini. Kilichochomolewa hakifikiwi na virusi.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tulinde taarifa za watu tunazozitunza. Mama aliyetueleza hali ya afya yake ili apate huduma alituamini sisi, si kila mwenye kompyuta.

Tunawaomba nini?

Kamati za sharika: namba ya siri ya simu inayopokea sadaka isitajwe kwa yeyote, hata akijiita mtumishi wa kampuni ya simu. Namba ya tapeli itumeni kwenda 15040. Kwa kupiga *106# mtaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu.

Wafadhili: mkipokea taarifa ya kubadilisha akaunti, tupigieni kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.

Kifungu hiki hakitachimba kisima hata kimoja. Lakini fedha za kisima kile zilinusurika kwa simu moja tu, nasi hatupendi kutegemea bahati tena.