Kitongoji cha Mtandao: Istilahi za Kugawa Anwani za Kompyuta

Miongozo ya kompyuta inayofasiriwa kwa ajili ya ofisi ndogo hutaja mara kwa mara kazi ya kuugawa mtandao mmoja katika sehemu kadhaa. Sehemu hizo wafasiri wameziita "mitandao midogo", wengine "matawi ya mtandao", na wengine wameona heri kutohoa na kusema "sabuneti". Tofauti hizi zingevumilika kama zisingemfikia mtumishi ambaye hana budi kutenda kile anachokisoma.

Tuitazame kwanza dhana yenyewe. Katika toleo la nne la utaratibu wa intaneti, ambalo lingali likitumika katika ofisi nyingi, anwani ya kompyuta ni tarakimu 32 za sifuri na moja, nazo huandikwa kwa namba nne, kama 192.168.10.20. Upande wa kushoto hutaja mtandao. Upande wa kulia hutaja chombo. Waraka namba 950 wa Agosti 1985 uliweka kanuni ya kuazima tarakimu kadhaa za upande wa chombo ili zitaje sehemu ya mtandao. Tukiazima mbili, anwani 256 zinazoanza na 192.168.10 hugawanyika mafungu manne yenye 64 kila moja: 0 hadi 63, 64 hadi 127, na kuendelea. Katika kila fungu anwani ya kwanza hulitaja fungu lenyewe, na ya mwisho huwaita wote kwa pamoja, nasi tungependa iitwe "anwani ya mbiu". Vyombo hubakiwa na 62.

"Mtandao mdogo" haufai. Mtandao wa kompyuta tatu ni mdogo bila kuwa sehemu ya mwingine, na sehemu ya mtandao mkubwa yaweza kuwa na maelfu ya kompyuta. "Tawi" nalo humpeleka msomaji kwenye ofisi ya wilayani. Sisi twapendekeza "kitongoji", kwani kitongoji ni sehemu ya kijiji, kina mipaka yake, wala hakielezeki pasipo kijiji chake. "Sabuneti" hatuipingi: haifundishi kitu, lakini haipotoshi.

Linalotusumbua zaidi ni neno "barakoa", lililofasiriwa sisisi kwa ile namba iandikwayo 255.255.255.192. Barakoa huficha uso. Namba hii haifichi kitu. Huonyesha mahali upande wa mtandao unapokoma na upande wa chombo unapoanza. Hiyo 192 ni 128 na 64, yaani zile tarakimu mbili tulizoziazima. Kazi yake ni ya jiwe la mpaka katika kiwanja, kwa hiyo "kigezo cha mpaka" kingemfaa zaidi mwalimu darasani.

Ubaya wa neno huonekana kazini. Mtumishi anayedhani barakoa ni kinga tu huiacha 255.255.255.0 kama alivyoikuta. Kompyuta yake, yenye anwani inayoishia 20, itaidhania mashine ya kuchapia yenye 70 kuwa jirani, iiite moja kwa moja, na isijibiwe, kwa kuwa mashine hiyo imo katika kitongoji kingine. Kigezo kikiwa sahihi, kompyuta hutambua kwamba 70 iko nje ya mpaka na huipeleka barua yake kwa kipanga njia, kupitia "lango". Neno hili la mwisho limekwisha kuzoeleka, nasi hatuoni sababu ya kuligusa.

Mfasiri ajihadhari pia na kitenzi "kutenganisha". Vitongoji viwili vinavyotumia swichi moja isiyogawanywa vimepangwa tu, havijatenganishwa: mgeni akibadilisha anwani ya kompyuta yake huingia kitongoji cha wahasibu bila kuvuka lango lolote. Mahali ambapo mwongozo unakusudia kuwazuia watu, swichi nayo lazima igawanywe, na aghalabu kipanga njia kipewe masharti ya nani apite. Pasipo hayo, tuandike "kugawa".