Jumamosi Ina Bei, Jumatatu Haina

Gari la watalii lenye viti sita haliondoki Moshi na abiria mmoja, labda abiria huyo awe na hela za kuchezea. Chukua kreta ya Ngorongoro. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mgeni asiye mkazi hutozwa kiingilio cha dola 60, na gari linaloshuka kreta hulipiwa dola 250. Weka juu yake VAT ya asilimia 18, ambayo huduma za utalii zilianza kutozwa Julai 2016, upate dola 70.80 kwa kichwa na 295 kwa gari. Hapo bado mafuta, posho ya dereva, chakula na mahali pa kulala. Aliyekwenda peke yake anaacha dola 365.80 kwenye lango la kuingilia la Lodoare. Wakiwa watano, kila mmoja anaacha 129.80.

Safari za bei nafuu kaskazini mwa Tanzania zinaishi kwa kujaza viti, na hakuna anayejaza viti vizuri kama hosteli ya vijana waliokuja kujitolea kufundisha watoto wadogo.

Mjini Moshi utazikuta hosteli hizo Soweto, Rau na Shanty Town. Arusha ziko Sakina, Ilboru na Njiro. Aghalabu ni nyumba ya kupanga: vyumba vinne au vitano, vitanda vya dabo deka, mpishi, mlinzi, na intaneti ambayo ikikatika malalamiko huanza kabla ya chai. Wanaolala humo ni Wajerumani, Waingereza, Wamarekani, Waholanzi na Waaustralia, wengi wao wametoka sekondari juzi au wako chuoni. Asubuhi wanakwenda chekechea. Saa sita mchana watoto wameshakunywa uji na wengine wanachukuliwa na wazazi, na mgeni ana mchana mzima wa kuulizana na wenzake Jumamosi itakwendwa wapi. Kufikia Jumatano kundi la WhatsApp limeshapata watu watano, na kampuni ya utalii inapigiwa simu ikiwa imekaa ofisini. Vijana wa mtaani wanaohangaika na wageni kituo cha mabasi, na papasi wa Forodhani Unguja, wangeitamani sana bahati hiyo.

Bidhaa za wikiendi zina ngazi zake. Ya chini kabisa ni Chemka, chemchemi za maji ya buluu wilayani Hai, ambako siku nzima inaishia kwenye kamba ya kubembea na chupa za soda. Inafuata Materuni, juu ya Uru: maporomoko, halafu kahawa inayokaangwa na kutwangwa kwenye kinu mbele ya mgeni huku wenyeji wakiimba. Juu yake ni safari ya siku mbili, Tarangire na Ngorongoro, kulala Karatu au Mto wa Mbu, kwa sababu kulala ndani ya hifadhi kuna tozo yake na kampuni ndogo hazitaki kuibeba. Kileleni ni Zanzibar, kama saa moja kwa ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro (KIA). Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje anayeingia visiwani anatakiwa pia kununua bima ya dola 44, na mpangaji wa safari anayesahau kumwambia mteja mapema hujikuta akiilipa mwenyewe. Walioenda Zanzibar, kwa kawaida, Jumatatu hawaonekani darasani.

Fedha za wikiendi unaweza kuzifuata kwa macho. Kiingilio kinalipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, kampuni inatakiwa kuwa na leseni ya utalii, maarufu TALA, dereva ana posho na bakshishi, mama wa Mto wa Mbu anauza ndizi nyekundu, kijiji cha Materuni kinachukua chake. Kuna ujanja humo, kama kwenye biashara yoyote. Lakini kila mkono uliofanya kazi una bei inayojulikana.

Fedha za Jumatatu hadi Ijumaa zina njia nyingine. Mgeni amelipa kampuni ya kwao kabla hajapanda ndege. Kampuni inatoa humo gharama za matangazo, mishahara na faida yake, kisha inamtumia wakala wa hapa kiasi fulani kwa kila mgeni kwa wiki. Wakala anamaliza kodi ya nyumba, chakula, mshahara wa mpishi na gari la kumpokea mgeni KIA. Chekechea iko mwisho wa mkondo, na mara nyingi maji hayaifikii. Inachopata ni mikono ya bure, chaki, rangi za kuchorea, mpira, na ikibahatika mgeni aliyerudi kwao akachangisha fedha za choo. Watafiti wa utalii waliwahi kukadiria mwaka 2008 kwamba watu milioni 1.6 duniani walikuwa wakisafiri kwa namna hii kila mwaka, na kutumia kati ya dola bilioni 1.7 na 2.6. Kwa soko la ukubwa huo, mwalimu wa chekechea ya Pasua, Moshi, ambaye hajui analetewa mgeni kwa shilingi ngapi ana haki ya kuuliza.

Kujitolea hakukuanza hivi. Shirika la VSO la Uingereza liliundwa mwaka 1958, Peace Corps ya Marekani mwaka 1961, na kundi lake la kwanza likaingia Tanganyika mwaka huohuo. Kijana wa Peace Corps hatozwi ada. Anapewa miezi kama mitatu ya mafunzo, lugha ikiwemo, ndani ya utumishi wa miezi 27. Wazee wa Kilimanjaro na Mbeya waliofundishwa hesabu na walimu hao bado wapo, na wanawakumbuka kwa majina. Aina ya kulipia ikashamiri baadaye. Projects Abroad ilianzishwa mwaka 1992 na Peter Slowe, mhadhiri wa jiografia wa Uingereza. International Volunteer HQ ilizaliwa New Zealand mwaka 2007. Kampuni za aina hii zikageuza wiki kuwa kipimo cha kuuzia, kama unga unavyouzwa kwa kilo, na mwenye likizo fupi akaweza kununua wiki mbili.

Wiki mbili hizo zinaonekanaje kwa mtoto? Fikiria chumba kimoja cha bati, mabenchi, alfabeti zimechorwa ukutani kwa rangi ya mafuta, watoto arobaini wa miaka mitatu hadi sita, mwalimu mmoja na dada wa jikoni. Mgeni mpya anaingia Jumatatu. Hajui Kiswahili zaidi ya mambo na asante. Anaanza na wimbo wa viungo vya mwili, na watoto wanauimba wote bila kukosea, kwa sababu waliufundishwa na mgeni aliyetangulia, na aliyemtangulia huyo. Mgeni anafurahi kwamba wanashika haraka. Mwalimu, ambaye alikuwa afundishe herufi ya M, anageuka mkalimani na mtunza nidhamu. Wasichana wawili wameshapanda mapajani kwa mgeni, mmoja anasuka nywele, mwingine anashika simu. Ijumaa ya wiki ya pili kunagawiwa pipi, mgeni analia, picha zinapigwa. Jumatatu mlango unafunguliwa na uso mwingine.

Wataalamu wa makuzi ya awali wana tafsiri yao ya mtoto anayemrukia mtu asiyemjua: anaweza kuwa amezoea watu kuja na kuondoka kiasi kwamba hachagui tena. Katika kituo anakoishi usiku na mchana, athari hiyo ni nzito zaidi kuliko chekechea, ambako saa sita mama anakuja kumchukua. Tofauti hiyo ni kubwa na wakosoaji wa biashara hii huiruka.

Kalenda nayo ina kichekesho chake. Wageni hufurika Juni, Julai na Agosti, kiangazi cha Ulaya na Marekani. Shule zetu nyingi hufunga katikati ya mwaka, Juni. Kituo kinachoishi kwa wageni kinashawishika kubaki wazi wakati wenzake wamefunga, na hapo ndipo unapojua mteja wake halisi ni nani.

Sheria si kwamba hazipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana na makao ya watoto visajiliwe, na maafisa ustawi wa jamii ndio wenye kazi ya kuvikagua. Upande wa uhamiaji, viza ya utalii, dola 50 kwa wageni wengi na 100 kwa Wamarekani, hairuhusu kazi hata isiyo na mshahara. Wanaojitolea wana kibali cha ukaazi cha Daraja C. Hata hivyo wapo mawakala wanaomwambia mgeni ajaze fomu kama mtalii, eti ni wiki mbili tu. Anayekupeleka kumtazama simba anatakiwa awe amesomea na gari lake likaguliwe. Anayekabidhiwa watoto arobaini, mara nyingi, ametakiwa awe amelipa.

Soko lenyewe limeshaanza kuhama, na lililolihamisha zaidi ni aibu kutoka nje. Save the Children ilieleza mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walio katika makao ya watoto duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Yaani yatima wengi wa kwenye matangazo walikuwa watoto wa maskini. Bunge la Australia lilipochunguza utumwa wa kisasa mwaka 2017 liliingiza humo usafirishaji wa watoto kwenda kujaza vituo vinavyoonyeshwa wafadhili na watalii. Mwaka huohuo Kenya, ambako kwenye hoteli za pwani kutembelea kituo cha yatima kulikuwa karibu sehemu ya ratiba, ilisimamisha usajili wa vituo vipya, na mwaka 2022 ikatangaza mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Projects Abroad iliacha kupeleka watu kwenye vituo vya yatima kufikia mwisho wa 2017. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio linalogusa jambo hilohilo.

Kilichofuata kwenye katalogi ni cha kutarajiwa: neno yatima lilififia, zikabaki chekechea na malezi ya watoto wadogo. Wakati mwingine ni mabadiliko ya kweli. Wakati mwingine ni kibao kipya kwenye lango lilelile.

Kwa kulinganisha, mfuate kijana wa Kitanzania anayekwenda upande wa pili. Mpango wa weltwärts wa serikali ya Ujerumani ulianza mwaka 2008 kuleta vijana wao kwetu kwa miezi sita hadi 24 kwa kuchangiwa na fedha za umma, na tangu miaka ya 2013 na 2014 unapokea vijana wa nchi za Kusini mwa dunia pia. Mtanzania akipangiwa chekechea ya huko hailipii. Anapewa fedha za mfukoni, bima ya afya na mahali pa kulala, na kwa utumishi wa mwaka anahudhuria siku 25 za semina. Kabla hajakaribia watoto lazima aonyeshe hati kwamba hana rekodi ya jinai, na tangu Machi 2020 athibitishe kinga ya surua. Akishaingia ni msaidizi: anafunga vifungo vya makoti, anakata matunda, anasoma picha na watoto wawili watatu, na mwalimu aliyesomea yupo palepale. Wikiendi anapanda treni za mikoani kwa tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kupanda hadi 58 Januari 2025, akaone miji mingine. Kujitolea na matembezi vinakaa pamoja bila ugomvi, kwa kuwa kila kimoja kina mlipaji wake na masharti yake.

Masharti ya aina hiyo hayahitaji utajiri wa Ujerumani. Hati ya polisi mgeni anaweza kuipata kwao. Kima cha chini cha miezi mitatu kinapangwa kwa sentensi moja kwenye mkataba. Ada ya kumpokea mgeni, inayolipwa moja kwa moja kwa chekechea na kutosha mshahara wa mwalimu msaidizi wa hapahapa, ingebadilisha hesabu kuliko makopo yote ya rangi. Hofu ya kampuni za utalii kwamba wageni watapungua na viti vitabaki vitupu naiona ni ya kupitiliza. Hosteli inauza viti kwa sababu watu watano wanalala chini ya paa moja. Wanaweza kuwa wanafunzi wa Kiswahili, wapanda mlima wanaosubiri siku yao, au wauguzi walio kwenye mafunzo. Baadhi ya mawakala wa Moshi wameshaanza kuuza wiki mbili za masomo ya Kiswahili na kukaa na familia, na Jumamosi zao ni zilezile.

Vijana wa Ulaya na Marekani huanza kupanga kiangazi tangu Januari. Mkuu wa chekechea anayetaka ada, muda mrefu zaidi au hati ya polisi, aandike barua kwa wakala kabla ya Krismasi. Akingoja mpaka Mei, mgeni ameshalipa, tiketi ya ndege imeshakatwa, na wakala hatakuwa na fedha iliyobaki ya kujadili.